Kid Flash: kijana wa mwendokasi, radi yake na radi yetu

Msimu wa mvua uliopita mzee mmoja alitupigia simu studio, kipindi kikiwa hewani. Hakutaka kuomba wimbo wala kutuma salamu. Alisema, "Wanangu, mjukuu wangu amesimama uwanjani, mvua inanyesha na radi zinapiga. Namwita aingie ndani, hataki. Anasema anasubiri radi impige ili apate mbio kama za Flash. Huyo Flash ni nani?"

Mtoto aliingia ndani salama baada ya bibi yake kutoka na kumshika mkono. Lakini swali la mzee lilibaki, na tangu siku hiyo wazazi na walimu wengine wametuuliza swali hilohilo kwa njia mbalimbali. Tumeandika makala hii kulijibu. Tutaeleza Flash na mwenzake mdogo, Kid Flash, ni kina nani, walifikaje kwetu, mbio zao zina ukweli gani, na kwa nini ile radi ya kwenye hadithi yao inahitaji kuelezwa vizuri kwa mtoto.

Kid Flash kwa kifupi

Kid Flash ni shujaa wa vitabu vya katuni vya Marekani vinavyotolewa na kampuni ya DC Comics, ileile yenye Superman na Batman. Ni kijana mdogo anayekimbia kwa kasi isiyo ya kawaida. Anaweza kuvuka mji kabla hujapepesa jicho, akakimbia juu ya maji bila kuzama, na akapanda ukuta wa ghorofa kwa mbio.

Jina lake lina sehemu mbili. "Kid" maana yake ni mtoto au kijana, na "Flash" ni mmweko, kama ule wa umeme angani. Tunaweza kumwita Mmweko Mdogo. Kwenye katuni anavaa nguo ya kubana ya njano na nyekundu, yenye alama ya radi kifuani. Ukiona alama ya radi kwenye fulana au begi la shule, huenda imetokana na hadithi hii.

Kid Flash hakuanza yeye. Mbele yake alitangulia Flash mkubwa, na kwa kweli wamekuwepo zaidi ya mmoja. Wa kwanza, Jay Garrick, alitokea katika kitabu cha Januari 1940. Wa pili, Barry Allen, alitokea mwaka 1956. Barry ni mtaalamu wa maabara ya polisi. Katika hadithi, usiku mmoja radi inapiga kabati la kemikali maabarani, kemikali zinammwagikia, na tangu hapo anakuwa mtu mwenye kasi kuliko wote duniani.

Wally West, mpenzi wa Flash aliyegeuka Flash

Kid Flash wa kwanza anaitwa Wally West. Alitungwa na mwandishi John Broome na mchoraji Carmine Infantino, akatokea mara ya kwanza katika kitabu cha Flash namba 110, mwishoni mwa mwaka 1959.

Wally ni mtoto wa mji mdogo, si wa jiji. Shangazi yake, Iris West, ni mchumba wa Barry Allen. Mtoto huyu anampenda sana Flash, kiasi kwamba huko kwao ndiye kiongozi wa kikundi cha mashabiki wake. Anapokwenda kumtembelea shangazi yake, Barry anamkutanisha na Flash. Wally hajui kwamba Barry na Flash ni mtu yuleyule. Basi Flash anampeleka maabara kumwonyesha jinsi alivyopata nguvu zake: anampangia kemikali zilezile, namna ileile. Wakati anaeleza, radi inapiga tena mahali palepale, na kemikali zinammwagikia mtoto. Hapo Wally naye anapata kasi.

Mwanzoni alivaa nguo kama ya mkubwa wake, ila ndogo. Ile ya njano na nyekundu ilikuja mwaka 1963. Mwaka 1964 alikutanishwa na vijana wenzake wawili, Robin anayemsaidia Batman, na Aqualad wa baharini. Kutokana na hao kikazaliwa kikundi cha mashujaa vijana kiitwacho Teen Titans, ambacho watoto wetu wengi wanakijua kupitia katuni za televisheni.

Staringi alipokufa

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna msemo wetu: staringi hafi. Adui atapiga risasi hata 100, staringi atainuka. Kwenye hadithi ya Flash kanuni hiyo ilivunjwa. Mwaka 1985, katika mfululizo uitwao Crisis on Infinite Earths, Barry Allen alikimbia mpaka mwili wake ukaisha ili kuuokoa ulimwengu. Alikufa, na kwa zaidi ya miaka 20 waandishi hawakumrudisha kuwa shujaa mkuu wa kitabu chake.

Hapo Wally akavaa nguo za marehemu na kuitwa Flash. Ndiyo maana wasomaji wengi wanamheshimu kuliko vijana wengine wa katuni. Mashujaa wengi wadogo hubaki wadogo miaka yote. Yeye alianza akiwa mtoto, akajifunza kwa mkubwa wake, akafiwa, kisha akabeba kazi ya mkubwa wake huku akihofia kwamba hataiweza.

Katika kitabu cha kwanza cha mfululizo wake mpya, mwaka 1987, Wally ni kijana wa miaka kama 20. Kazi anayopewa humo si kupiga majambazi. Anatakiwa kukimbiza moyo wa kupandikizwa kwa mgonjwa, kutoka New York hadi Seattle, upande wa pili wa Marekani. Na njiani anachoka. Waandishi wa wakati huo waliamua kwamba kasi iwe na gharama: akikimbia sana lazima ale sana, la sivyo anaanguka.

Bart Allen, kijana asiyejua kusubiri

Mwaka 1994 mwandishi Mark Waid na mchoraji Mike Wieringo walileta kijana mwingine, Bart Allen. Huyu ni mjukuu wa Barry, na katika hadithi ametoka karne ya 30. Mwili wake ulikuwa ukikua haraka mno, kiasi kwamba akiwa na umri wa miaka miwili tu alionekana mtoto wa miaka 12. Walimlea ndani ya dunia ya kompyuta, kama vile mtu aliyekulia ndani ya gemu.

Matokeo yake, Bart hajui hatari ni nini. Kwenye gemu ukianguka unaanza upya. Anaruka kabla ya kutazama na kujibu kabla ya kuulizwa. Jina lake la kwanza la kishujaa lilikuwa Impulse, yaani mtu anayefuata kile kinachomjia kichwani muda huohuo. Anapelekwa kwa mzee mwenye kasi kama yeye, Max Mercury, amlee kwenye mji mdogo, aende shule na ajifunze kusubiri. Vitabu vyake vilitoka kuanzia 1995 hadi 2002, na mwaka 2003 akachukua jina la Kid Flash.

Miaka ya 2010 alikuja Wally mwingine, kijana mweusi. Katika tamthilia ya televisheni ya The Flash, iliyoonyeshwa kuanzia 2014 hadi 2023, Kid Flash aliigizwa na Keiynan Lonsdale, mwigizaji mweusi kutoka Australia. Kwa watoto wengi wa hapa, huyo ndiye Kid Flash wanayemjua.

Alifikaje Posta na Kariakoo?

Vitabu vya katuni vya Marekani havijawahi kuwa vitu vya kila duka nchini kwetu. Ukienda Posta, katikati ya Dar es Salaam, kwenye njia za waenda kwa miguu kuanzia Posta Mpya hadi Samora karibu na Mnara wa Askari, utakuta wauza vitabu vya mitumba wamevipanga chini. Kuna Biblia, vitabu vya sheria, kamusi na riwaya za Kiingereza ambazo majalada yake yamepauka kwa jua. Siku ya bahati unaweza kuokota katuni ya zamani katikati yake. Lakini hiyo si njia iliyomfikisha Flash kijijini.

Njia kubwa ilipita Kariakoo, na chombo chenyewe kinafanana naye jina: flashi. Kijana wa duka la muvi anachomeka flashi au memori kadi yako kwenye kompyuta, unamtajia unachotaka, anakujazia. Mwenye kibanda umiza wa wilayani anafunga safari, anajaziwa tamthilia nzima, anapanda basi kurudi kwao. Wiki inayofuata watoto wa kijiji kisicho na duka la vitabu wanajua majina ya maadui wote wa Flash. Siku hizi simu nayo imeingia kazini, watu wanarushiana vipande kwa WhatsApp.

Kikwazo cha lugha nacho kilipata dawa. Tanzania ina utamaduni wa watafsiri wa filamu, watu wanaoweka sauti yao juu ya filamu ya kigeni na kuisimulia kwa Kiswahili, wakiongeza utani na maelezo yao. Aliyevuma sana ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Watafsiri hawa hawafuati neno kwa neno. Adui wa Marekani anaweza kupewa jina la mtaani, na mji wa kubuni ukageuka Manzese. Ni kazi ya ubunifu inayochekesha, na sisi wa redio tunaiheshimu kwa sababu inafanywa kwa sauti.

Ila ina upande wa pili. Mtoto anaposimuliwa kwa lugha ya nyumbani, na sauti ya mtu mzima anayeiamini, hadithi inakaa karibu naye kuliko ilivyokusudiwa. Mtoto wa Marekani aliyenunua kitabu dukani aliona kwenye jalada kwamba ni katuni. Mtoto wetu aliyeiona kwenye kibanda, watu halisi wakiigiza na radi halisi ikimulika, anaweza asijue mpaka uko wapi.

Mashujaa wetu wa katuni hawana mbio

Si kwamba sisi hatukuwa na katuni. Uhuru lilikuwa na Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory. Gazeti la Sani liliwapa wasomaji kina Ndumilakuwili, Lodilofa, Pimbi na mtoto mtukutu Madenge. Masoud Kipanya, mchoraji ambaye pia ni mtangazaji wa redio mwenzetu, amekuwa akitumia panya mdogo kusema mambo ambayo wakubwa hawapendi kuyasikia.

Tofauti iko wazi. Hakuna kati ya hawa mwenye nguvu za ajabu. Kuna mlevi, mjanja, mpenda sifa, mtoto anayemsumbua mama yake. Tunawacheka kwa sababu tunawajua. Hata walipokuja mashujaa vijana wa Shujaaz, walioanzia Kenya mwaka 2010 na kuingia Tanzania mwaka 2015, shujaa wao mkuu alikuwa kijana wa kawaida anayerusha matangazo ya redio yake mwenyewe. Kenya anaitwa DJ Boyie, na kwetu DJ Tee. Nguvu yake ni kipaza sauti.

Na ukirudi nyuma hadi ngano za bibi, mwenye mbio huwa ndiye anayeshindwa. Sungura anakimbia, kobe anafika kwanza. Haraka haraka haina baraka, tumefundishwa. Kwa hiyo Kid Flash anapoingia kwenye masikio ya watoto wetu, anakuja na wazo ambalo ngano zetu hazikulitukuza: kwamba kasi yenyewe ni ushujaa. Si wazo baya. Anayemkimbiza mgonjwa hospitali anajua thamani ya dakika moja. Linahitaji tu kuwekwa mahali pake.

Posta hadi Kariakoo: nani anafika kwanza?

Tufanye hesabu ndogo. Kutoka Posta hadi Kariakoo tukadirie kilomita 2. Mtu mzima akitembea bila kusimamishwa na wachuuzi anatumia dakika kama 25.

Sasa tumlete Mtanzania mwenye mbio za kweli. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kijana wa miaka 20 kutoka Karatu, Filbert Bayi, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1979. Kwa mwendo ule, Posta hadi Kariakoo ni chini ya dakika 5.

Usain Bolt wa Jamaika alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mwaka 2009, rekodi ambayo bado ni ya dunia. Kama angeweza kushikilia mwendo huo kwa kilomita 2, angetumia dakika 3 na kidogo. Lakini hawezi. Hakuna binadamu awezaye.

Kid Flash akikimbia kwa kasi ya sauti, yaani mita kama 340 kwa sekunde, anatumia sekunde 6. Hata mabasi yetu ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, hayajui hata pa kuanzia kushindana naye. Kutoka Dar hadi Dodoma, kama kilomita 450 kwa barabara, angetumia dakika 22 hivi. Treni yetu ya umeme ya SGR, yenye kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa, inatumia saa kadhaa.

Kwa nini haiwezekani? Sababu ya kwanza ni hewa. Ukiwa kwenye bodaboda unasikia upepo unakusukuma kifuani. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huo unaongezeka mara nne. Kwa kasi ya sauti, hewa ingemsukuma kijana kwa nguvu sawa na uzito wa tani kadhaa. Sababu ya pili ni chakula. Kwa makadirio yetu, kuisukuma hewa hiyo kutoka Posta hadi Kariakoo pekee kungetaka nguvu ya chakula cha zaidi ya wiki nzima, ichomwe ndani ya sekunde 6. Sababu ya tatu ni kusimama. Akijikwaa, ni sawa na kuanguka kutoka kwenye ndege. Waandishi wenyewe walilijua tatizo hili, ndiyo maana miaka ya 1990 wakabuni kitu walichokiita Speed Force, nguvu ya kufikirika inayowalinda wenye kasi. Ni jibu la hadithi. Kwenye maisha halisi kinga hiyo haipo.

Radi ya kweli haimpi mtu mbio

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Katika hadithi, radi ni zawadi. Kwetu ni msiba.

Mwezi Juni 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, ikaua wanafunzi 18 kwa mkupuo mmoja. Oktoba 2018, mkoani Geita, radi ilipiga darasa na kuua wanafunzi sita. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye radi nyingi, kwa sababu joto na unyevunyevu wa ziwa hujenga mawingu makubwa ya mvua.

Radi ni umeme unaojikusanya winguni na kutafuta njia ya kufika ardhini. Njia inakopita, hewa inapata joto la nyuzi kama 30,000, mara tano hivi ya joto la uso wa jua. Umeme huo ukipita mwilini unaweza kusimamisha moyo na kupumua. Wengi wanaopigwa hawafi, lakini baadhi wanabaki na matatizo ya kusahau, kutosikia vizuri, maumivu au kupooza. Hakuna hata mmoja aliyeamka na mbio.

Wasikilizaji, tafadhali shikeni haya, na mwasomee watoto:

Ukisikia ngurumo, radi iko karibu vya kutosha kukupiga. Ingia ndani hata kama mvua haijaanza.

Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, kisha gawanya kwa 3. Jibu ni umbali kwa kilomita. Sekunde 6 ni kilomita 2 tu, sawa na Posta hadi Kariakoo.

Mahali pazuri ni jengo kubwa imara lenye nyaya za umeme na mabomba, au ndani ya gari lililofungwa lenye bodi ya chuma. Kibanda cha shambani, nyumba ya nyasi, bodaboda na bajaji havikulindi.

Usijikinge chini ya mti. Toka majini, ziwani na mtoni. Mkiwa uwanjani au malishoni na hakuna pa kukimbilia, msikae kundi moja, achaneni.

Simu ya mkononi haiiti radi. Lakini usiitumie ikiwa imechomekwa kwenye chaji ya umeme. Kaa mbali na nyaya, bomba na milango ya chuma.

Nguo nyekundu haiiti radi, na kufunika kioo hakuizuii. Pia radi haitumwi na mtu. Tumesikia habari za jirani, mara nyingi bibi mzee, kunyooshewa kidole baada ya msiba wa radi. Huo ni msiba wa pili juu ya wa kwanza.

Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo mtoke.

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mshike bila hofu. Kama hapumui na hashtuki, anza kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, huku wengine wakitafuta usafiri wa kumpeleka kituo cha afya.

Mashujaa wa kasi tulio nao

Tulisema ule moyo aliokimbizwa nao Wally mwaka 1987 ni hadithi. Lakini mbio za kuokoa maisha zipo kijijini kwetu. Mfumo wa m-mama unatumia namba 115, ambayo kuipiga ni bure, kuwapatia usafiri wa dharura wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Pasipo na gari la wagonjwa karibu, anaitwa dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari lake. Hana alama ya radi kifuani. Anaamka saa 8 usiku, anawasha gari, anakwenda.

Ukitaka kumweleza mtoto maana ya Kid Flash bila kumwondolea raha ya hadithi, anzia hapo. Usimwambie kwamba Flash ni upuuzi, maana ataona hujui kitu. Mwambie Wally alikuwa mtoto wa mji mdogo kama yeye. Mwambie kemikali na radi vilitungwa na mwandishi kwenye meza yake, na mwandishi mwenyewe mvua ikinyesha alikaa ndani. Mwambie Bart alipelekwa kwa mzee ajifunze kusubiri, kwa sababu kasi bila akili ni ajali. Kisha mwambie Bayi hakupigwa na radi. Alikimbia kila siku mpaka dunia ikamjua.

Yule mzee aliyetupigia alitupigia tena baadaye. Mjukuu bado anapenda Flash. Sasa ngurumo ikisikika anakimbilia ndani, na akifika mlangoni anauliza ametumia sekunde ngapi. Babu anamhesabia.

Kama una swali ambalo mtoto wako amekuuliza ukakosa jibu, tuletee hewani. Tutalitafutia majibu pamoja.